Mume Wangu wa Darasa la Pili

Kiingereza nimeanza kujifunza uzeeni, na wa kulaumiwa ni mwanangu. Nimemzaa mwenyewe, nimemfundisha kusema mwenyewe, akaenda kuishi mbali, akaoa hukohuko, akapata mtoto wa kiume, na huyo mtoto akamlea kwa Kiingereza kitupu. Neno moja tu la kwetu alimpa, nalo ni "bibi". Nikipiga simu nasikia "bibi", halafu kimya, tunabaki kusikilizana pumzi. Nilimwuliza mwanangu, umenizalia mjukuu au umenizalia mgeni? Akacheka. Yeye kila jambo hucheka, tabia hiyo kairithi kwa baba yake.

Basi waliposema wanakuja likizo wote watatu, nikaenda mlango wa pili. Duka langu la ushonaji limepakana na saluni ya msusi mmoja, mwanamke mwenye mdomo na sekondari aliyoimaliza. Nikamwambia, shoga, nifundishe Kiingereza, mjukuu wangu anakuja. Akaniuliza mtoto anapenda nini. Nikamjibu wanyama, maana baba yake anasema ukuta mzima wa chumba chake umejaa picha za wanyama. Akasema basi tutaanzia hapo.

Sasa yule msusi anafundisha kama anavyosuka. Kwake hakuna kitu kinachokwenda peke yake. "Maneno ya Kiingereza yana mapacha," aliniambia. "Ukilishika moja, tazama nyuma yake, kuna lingine lina sauti ileile." Akawa na kichwa cha mteja katikati ya magoti, mimi nimekaa kizingitini napiga vifungo, ananitupia maneno. Dia ni paa, na dia ni mpenzi. Hea ni sungura wa porini, na hea ni nywele. Teli ni mkia, teli ni hadithi. Nyu ni nyumbu, nyu ni kitu kipya. Hia ni hapa, hia ni kusikia. Bea ni dubu, bea ni kitu kilicho wazi bila nguo, na bea tena ni kuvumilia.

"Hao wa mwisho si mapacha," nikamwambia. "Hao ni watatu."

"Wewe shika tu."

"Na nikimwambia mtoto njoo nikupe teli, atajuaje kuwa ni hadithi, simpi mkia?"

"Atakutazama usoni."

"Na barua zao si huanza na dia? Kwa hiyo wanaandikiana paa?"

Mteja akacheka mpaka msusi akamgonga na kitana atulie. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli kweli. Nakata kola, mdomo unasema hea, hea, hea, na usiku naota sungura wamesukwa.

Neno moja nililiomba mwenyewe. Nilimwuliza mume ni nani kwa Kiingereza. Akasema ni hazbendi. Nikauliza na huyu pacha wake yuko wapi? Msusi akafikiri, akasema huyu hana, yuko peke yake. Nikashukuru, nikalishika siku hiyohiyo.

Nililitaka kwa sababu mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume. Nani asiyelijua hilo? Bibi yangu mwenyewe aliwaita kaka zangu waume zake, na mimi akaniita mke mwenza, tukagombana naye kwa ajili ya babu mpaka tunalia kwa kicheko. Ndivyo bibi anavyosema nakupenda bila kulitamka. Nikaona, mtoto hajui lugha yetu, basi nimwambie kwa lugha anayoisikia, imwingie vizuri.

Siku walipofika nilimkumbatia palepale mlangoni nikasema, "Welkam, mai hazbendi." Mtoto akanitazama. Akamtazama baba yake. Baba yake akacheka. Mkwe wangu naye akatabasamu, lakini huyo ni mwanamke mpole ambaye hutabasamia kila asichokielewa, kwa hiyo alikuwa anatabasamu toka asubuhi mpaka jioni.

Sikuishia hapo. Mezani nikamkalisha kwenye kiti cha marehemu babu yake, kiti ambacho hakuna mtu anayekikalia nyumbani kwangu. Nikamtilia maziwa kwenye kikombe cha babu yake, kile chenye kifuniko. Na kubwa kuliko yote, nilikuwa nimechukua koti la babu yake, lile zuri, nikalifumua, nikalikata upya, nikalishona liwe la mtoto wa darasa la pili. Mabega yalikaa kama yameumbwa. Nikamwonyesha, nikasema, "Kot ov mai hazbendi, for mai hazbendi." Nilijiona bingwa.

Mtoto hakuligusa. Alishuka kitini polepole, akaenda kujibanza nyuma ya mama yake, na tangu hapo akawa ananikimbia. Nikiingia jikoni anatoka. Nikikaa sebuleni anahamia uani. Na kitu kilichonishangaza zaidi, alikuwa analala na viatu. Mama yake anamvua, asubuhi tunamkuta amevivaa tena, tena kafunga na kamba. Nikarudi kwa msusi kuongeza maneno, nikidhani tatizo ni uchache wa maneno yangu. Kila nikiongeza neno, mtoto anaongeza hatua za kurudi nyuma.

Jioni moja mwanangu akaja kukaa karibu na cherehani, safari hii hacheki.

"Mama, tulikuwa tumekubaliana na mwenzangu, shule zikifungwa kwa muda mrefu awe anakuja kukaa na wewe. Ajue lugha, ajue kwao. Nilitaka nikufurahishe siku ya kuondoka."

"Sasa?"

"Sasa anakuogopa. Siwezi kumwacha mtoto mahali anapoogopa. Tukiondoka hivi, basi, itabidi tuache."

Iliniuma, sitaficha. Nyumba hii tangu mume wangu afariki, kinacholia ndani ni cherehani tu. Na huyu ndiye mjukuu pekee niliye naye. Nikamwambia mwanangu, nipe nafasi moja, nimpeleke bustani ya wanyama, mimi na yeye tu. Akasema sawa, kwani walikuwa na shughuli ya tiketi zao mjini, wangetupitia mchana getini. Mtoto alipoambiwa alishika mkono wa mama yake mpaka kidole baada ya kidole vikabanduliwa.

Tuliingia. Niliminya tiketi mkononi zikalowa jasho. Yeye alitembea mbali nami, upana wa njia nzima kati yetu, viatu vimekazwa, lakini macho yanaruka huku na huku, maana wanyama anawapenda haswa.

Tukaanza na dubu, mzee mmoja amelala ametupa mgongo.

"Bea," nikasema.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza kukubali kitu changu. Ningekuwa na akili ningeachia hapo, lakini somo langu lilikuwa la mapacha. Nikavua mtandio, nikapiga mkono wangu ulio wazi, nikasema, "Bea." Akautazama mkono, akamtazama dubu. Nikakumbuka na yule wa tatu, kuvumilia. Sasa kuvumilia unakuonyeshaje? Nikashika kifua, nikashusha pumzi ndefu, nikamtazama kwa huzuni. "Bea." Akarudi hatua moja.

Kwa sungura mambo yakawa mabaya zaidi. Nilimwonyesha mnyama nikasema hea, halafu nikavuta msuko wangu mmoja kutoka kwenye kilemba nikasema hea, halafu nikanyoosha mkono nimguse na yeye nywele, akainama kama anakwepa kofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama kabisa kunitazama mimi, sungura kawaacha. Kwa nyumbu nilijaribu kusema ni nyumbu mpya, ingawa alikuwa mzee wa kutosha, na hapo mimi mwenyewe nikapotea, nikawa sijui tena lipi ni jina na lipi ni sifa. Jasho linanitoka. Nikajisemea, bibi wewe, unaharibu.

Tukafika kwa paa. Wadogo wale, wana macho mazuri, wanatafuna. Mtoto akaegemea uzio, uso ukamlegea kidogo. Nikaona hapa ndipo. Nikapiga magoti, magoti yenyewe haya, nikamwonyesha paa nikasema, "Dia." Kisha nikamwekea kiganja shavuni taratibu, nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi kuliko zote. "Dia. Mai dia hazbendi. Yu stei hia wiz mi."

Macho yakamjaa machozi. Akachomoka mbio.

Nilimfuata huku mtandio unaburuzika. Karibu na banda la nyani kulikuwa na mlisha wanyama, bwana wa makamo mwenye buti za mpira na ndoo ya karoti. Mjukuu wangu akamfikia, akang'ang'ania mpini wa ndoo kwa mikono miwili, akaanza kusema. Toka afike sijamsikia akisema hivyo. Maneno yanamwagika, kidole kinanionyesha mimi. Nikasikia hia moja humo, sijui ile ya hapa, sijui ile ya kusikia. Mengine yote yakanipita.

Yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho. Akanitazama, tena si kwa wema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo mtoto ni wangu."

"Wako kivipi?"

Swali gani hilo. "Ni mume wangu," nikamjibu, kama ninavyosema siku zote.

Akanitazama tena, akamtazama mtoto, kisha akaitua ndoo chini. Mabega yakaanza kumcheza. Akacheka, akashika nondo za banda asianguke, na nyani mmoja akapenyeza mkono akajichukulia karoti bila hata kuonekana.

"Una nini wewe?" nikamfokea. "Mtoto analia na wewe unacheka."

"Bibi, unajua anasema nini? Anasema mmeoana." Akajifuta macho. "Anasema alipofika tu ulimwambia yeye ni mume wako. Hakuamini, akaenda kumwuliza baba yake kama ni kweli. Baba yake akacheka, akamwambia ndiyo, kabisa, wewe ni mume wa bibi."

Nikashika nondo na mimi.

"Anasema baba yake anaishi na mama yake kwa sababu ni mume wake. Kwa hiyo na yeye atabaki aishi na wewe. Amepewa kiti cha mume, amepewa kikombe cha mume, na koti la mume limeshashonwa, anasema ni la kipimo chake kabisa. Analala na viatu ili wazazi wake wakitaka kuondoka kabla hajaamka awahi kuwakimbilia. Na sasa hivi umemwambia abaki hapa. Anauliza, hapa ni nyumbani kwako au ni hapahapa kwa wanyama?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ndiyo nguo, sikukiona. Nilikuwa nahangaika na Kiingereza, kila siku neno jipya, na kila neno linamwambia mtoto huyu: hutamwona mama yako tena. Na yule mwanangu na kicheko chake, nikasema moyoni, tukikutana leo getini atanitambua.

"Mwambie ni utani," nikasema. "Mwambie haraka."

Akachuchumaa, akamweleza kirefu. Mtoto akasikiliza, pua anapangusa kwa mkono wa shati. Akauliza kitu.

"Nimemwambia hata mimi bibi yangu aliniita mume," bwana akanieleza. "Anataka kujua mimi nilipata vipi kuachiliwa."

"Umemjibu nini?"

"Kwamba nilikua, nikaoa, na bibi akaja kucheza harusini. Amesema sawa."

Mtoto akakaa kufikiri. Kisha akauliza jambo lingine, kwa sauti ndogo, na safari hii yule bwana hakucheka.

"Anauliza mume wako wa kweli yuko wapi."

"Amefariki. Si anajua? Ni babu yake."

Wakasemezana. "Anasema alijua babu yake alikufa. Hakujua kuwa ndiye alikuwa mume wako." Akamsikiliza tena mtoto. "Anauliza, sasa usiku nyumbani unakaa na nani?"

"Na cherehani," nikasema.

Nilisema kwa mzaha. Bwana akatafsiri, na mtoto hakuona mzaha wowote. Alinitazama tu, ameacha kulia. Tangu tumzike mume wangu watu wameniuliza kama nimekula, kama paa la nyumba linavuja, kama duka linakwenda. Hilo la usiku hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mwanangu. Nikalia mimi. Mchana kweupe, mbele ya nyani, mtandio umeshika vumbi.

Yule bwana akawa hajui atazame wapi. Watu wazima wakilia wanaume huanza kushauri, na yeye akashauri.

"Lakini, bibi, kwani mtoto hana jina? Si ungemwita kwa jina lake tu yakaisha?"

Hapo akanishika pabaya. Jina analo. Ni jina la babu yake, mwanangu alimpa kwa heshima. Na mimi jina hilo sijawahi kulitia kinywani. Nimelelewa kuwa mke hamtaji mumewe. Nilimwita baba watoto, nilimwita mwenzangu, nikikasirika nilimwita wewe bwana. Miaka yote ile. Siku ya mazishi kila mtu alilitaja, wengine kwa kipaza sauti, mimi nikakaa kimya na mdomo wangu. Basi mtoto alipozaliwa nalo, nikafurahi, lakini kulitamka nikashindwa. Nikajificha kwenye utani. Mume wangu, mume wangu, utani wa kila bibi, nani atanidadisi? Halafu nikampa kiti, nikampa kikombe, nikamkatia koti. Mtoto hakukosea sana. Nilikuwa nimemkalisha mahali pa mtu.

Hayo yote nilimweleza yule bwana, na ule mpango wa mwanangu wa likizo, nikamwomba yabaki kwake. Mpuuzi yule akatafsiri yote.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akaiachia ndoo. Akavuka njia, akaja kusimama mbele yangu, karibu kiasi cha kuniegemea, ingawa hakuegemea. Ndipo akasema, polepole, akimgeukia mkalimani wake kila baada ya maneno machache kuhakikisha anasikia.

"Anasema atakuja shule zikifungwa. Anasema si vizuri ukae na cherehani tu. Lakini atakuja akiwa mtoto, si mume. Na akimtaka mama yake, apigiwe simu siku hiyohiyo."

Nilikuja pale nimejiandaa kwa ndiyo au hapana. Sikuwa nimejiandaa kuhurumiwa na mtu ambaye meno ya mbele hayajamwota.

"Mwambie nimekubali," nikasema. "Mwambie nimekubali yote."

"Mwambie mwenyewe, bibi," akasema, akaokota ndoo yake, maana nyani walikuwa wameanza kugonga nondo.

Nikatafuta kichwani. Nikakuta paa, nikakuta dubu, mikia na hadithi zimechanganyikana, na hakuna hata moja la kunisaidia. Mtoto alikuwa ameshanigeuzia mgongo, amekwenda kushika uzio, anamtazama nyani mdogo aliyepanda mgongoni kwa mama yake. Nikafungua mdomo, nikamwita kwa jina lake. Lilitoka bovu, lina mikwaruzo. Nikaliita tena ili litoke vizuri.

"Mm?" akaitika, macho kwa nyani, wala hakugeuka.